Mashine Ilipozima na Wasifu wa Dada Ndani Yake

Stima ilipotea alfajiri ya siku tuliyopaswa kumtoa dada yangu mochari, nami nilikuwa nimebakisha mstari mmoja tu. Sikushtuka. Mtu aliyeishi Ruiru muda niliouishi mimi hashtushwi na giza. Anachungulia dirishani aone kama ni nyumba yake peke yake au ni mtaa mzima, na akiona ni mtaa mzima anapumua. Ulikuwa mtaa mzima. Nikabaki nimekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, vidole bado viko juu ya herufi, nikijiambia kwamba itarudi tu, huwa inarudi.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kurasa za kijitabu cha mazishi ya dada. Alikuwa ameishi Thika tangu usichana wake, akifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, na sasa alikuwa anarudishwa kwetu Kakamega kuzikwa. Hakuolewa. Hakuzaa. Kwetu mwanamke wa namna hiyo huzikwa pembeni, karibu na ua, na maneno juu yake huwa machache, kisha watu wanaambiwa chakula kiko tayari. Desturi hiyo nimeikuta na sikuwa na nguvu za kupigana nayo. Kaburi lichimbwe watakapo. Nilichotaka mimi ni kitu kimoja tu: asomwe. Mtu asimame mbele ya watu na karatasi mkononi, aseme huyu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alimlea nani, na watu wanyamaze mpaka mwisho. Pasipo karatasi, mwendesha shughuli angesema marehemu alikuwa mtu mzuri, tumwombee, na dada yangu angeishia hapo.

Wiki hiyo senge alikuwa amenipigia simu. Senge ni dada ya baba yetu, mkubwa kuliko wote waliobaki kwenye boma, na hakuna mazishi yanayopangwa kwetu bila yeye kutia neno.

"Mwanangu," aliniambia, "nasikia unaandika kitabu. Mtu hana bwana, hana mtoto, utasoma nini? Tumzike apumzike."

"Nitasoma kazi yake, senge."

"Kazi kila mtu anafanya."

Senge si mtu mbaya. Amezika wengi na amechoka kama mimi, na uchovu wake umempa ufupi wa maneno. Lakini usiku huo sikulala vizuri, na kesho yake nikaongeza kurasa.

Kijitabu chenyewe kingechapishwa Thika, kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa karibu na soko. Ndiye aliyeniuzia hiyo kompyuta miaka iliyopita, mashine kubwa ya mezani iliyokuwa imeshatumika ng'ambo, na ndiye ninayemsumbua kila inapougua. Jana yake alikuwa ameniambia nilete kazi mapema aichape kwa utulivu. Sikuipeleka, kwa sababu ya huo mstari mmoja.

Kila kijitabu cha mazishi kina mahali palipoandikwa "Ameacha". Amezaliwa, amesoma, amefanya kazi, ameugua, ameacha. Watu wakipewa kijitabu hawaangalii picha kwanza. Wanafungua hapo, wanatafuta jina lao. Nimeshuhudia watu wazima wakikataa kubeba jeneza kwa sababu waliandikwa chini ya shemeji zao. Nimemwona mama mmoja akirudi nyumbani na sufuria yake ya wali kabla mchungaji hajafika, kwa kuwa mtoto wake alisahauliwa. Ni mahali penye moto. Na kwa dada nilikuwa nimeandika "Ameacha", nikaweka nukta mbili, nikakaa nikiitazama. Wazazi wetu walishatangulia. Kati yetu tuliozaliwa, wawili tu ndio tuliokua. Niandike nini? "Ameacha ndugu mmoja" ilionekana kama nakubaliana na senge. Nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta, na alfajiri nikaamka kuijaribu tena. Hapo ndipo stima ikapotea.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuwa na nakala mahali pengine. Kwa sababu nilikuwa bado naandika, na mimi sipendi kumpa mtu kitu ambacho hakijaisha. Simu yangu nzuri ilikuwa imeingia maji, natumia ile ndogo ya vitufe. Mke wangu alikuwa ametangulia Kakamega na sufuria na mablanketi, na watoto wetu walishatawanyika na maisha yao. Nilikuwa peke yangu nyumbani, na chai baridi.

Stima ilirudi jua likiwa limeshapanda, na ilirudi na nguvu. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kupita kiasi, ikatulia. Upande wa pili wa ukuta kitu kikalia pwaa, na jirani yangu akapiga kelele, "Ngai fafa! TV yangu!" Harufu ya plastiki iliyoungua ikaingia kwa dirisha.

Nikafinya kitufe cha kompyuta. Kimya. Nikafinya tena nikikishikilia. Hakuna mlio, hakuna feni. Hata kile kitaa kidogo cha kioo, ambacho huwa chekundu-njano hata mashine ikiwa imezimwa, hakikuwepo. Niliinama chini ya meza. Ekstensheni ilikuwa na taa yake nyekundu kama kawaida, na redio iliyochomekwa hapo hapo ilikuwa inaongea, inasoma matangazo ya vifo vya watu wengine.

Nikampigia mama wa Thika.

"Mzee, umeniletea kazi?" akauliza kabla ya salamu.

"Mashine imekataa kuwaka. Stima imerudi na nguvu."

"Woi. Na kila kitu iko ndani?"

"Kila kitu."

Akaanza kunielekeza kwa sauti ya mtu ambaye anafunga vijitabu vya mtu mwingine huku simu imebanwa begani. "Haya. Extension iko sawa?"

"Redio inaongea kwa hiyo hiyo extension."

"Basi si extension. Toa waya ya nyuma ya CPU, finya ile button ukihesabu polepole mpaka thelathini, halafu urudishe waya, ujaribu."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mimi. Nimefanya kazi nusu ya maisha yangu katika kiwanda cha kusindika matunda, Thika hapo hapo, na kitu cha kwanza tulichofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi, ni kwamba mashine haiguswi kabla haijazimwa ukutani. Haijalishi ni ndogo kiasi gani, au una haraka gani. Yupo mwenzetu aliyeona uvivu wa kutembea hadi kwenye swichi, akaingiza mkono kutoa nanasi lililokwama, na mpaka leo husalimia watu kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mimi siwezi kugusa hata blenda bila kuzima ukutani. Mke wangu hunicheka. Anasema siku nikifa nitamwambia malaika azime kwanza.

Basi nikazima ukutani. Swichi ya ukutani iko nyuma ya kochi, na kuifikia lazima nipige magoti, nilale ubavu, nipitishe mkono. Redio ikanyamaza. Nikatoa waya, nikafinya, nikahesabu, nikarudisha, nikarudi kwa magoti nyuma ya kochi, nikawasha. Redio ikaanza kuongea. Nikafinya kitufe. Kimya.

"Imekataa."

"Badilisha waya. Iko na ingine inafanana, ya rice cooker ama ya birika."

Nikaenda jikoni nikatoa waya wa sufuria ya wali. Nikazima ukutani. Redio ikanyamaza. Nikavuta waya wa zamani kule chini ya meza, kwenye vumbi na kamba za kila aina, nikachomeka huu mwingine kwa kupapasa mahali pale pale. Nikarudi kwa magoti, nikawasha. Redio ikaongea. Nikafinya. Kimya.

"Fungua mfuniko. Utaona kile kibao chembamba cha memory kimesimama. Kitoe, upanguse meno yake na rubber ya shule, ukirudishe mpaka kilie."

Rubber ya shule nilikosa, watoto walishaondoka na shule yao. Nilipangusa kwa ncha ya shati. Kabla ya hapo nilizima, baada ya hapo nikawasha. Magoti yalikuwa yameanza kuniuma vibaya. Kimya.

"Na monitor?" akauliza. "Iko na taa?"

"Haina."

"Hata hiyo? Aki mzee, pole. Basi imemaliza zote mbili."

Nilikuwa nimefikia hapo mwenyewe. Vitu viwili vimekufa kwa pamoja, na televisheni ya jirani imekufa nayo. Ni wazi. Nikazima ukutani, nikatazama ile CPU iliyofunguliwa tumbo na nikasikia hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Huwezi kuigombeza stima. Kampuni ukiipigia wanakuambia asante kwa uvumilivu wako, kana kwamba uvumilivu ni kitu nilichowapelekea kwa hiari.

Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu wa kwetu anayeendesha lori kiwandani, na ambaye amesindikiza maiti wengi sana kwenda magharibi hata anajua ni mji gani una chai nzuri.

"Bwana, sisi tuko mochari. Wamama wamemaliza kumvalisha. Amependeza. Vitabu viko wapi?"

"Naja navyo."

"Gari inatoka saa nane. Ile ni ya kukodi, dereva haongezi hata dakika. Ukikosa tutaenda na sisi tutasema tu chenye tunajua."

Walichokuwa wanakijua ni kidogo. Walijua kwamba alikuwa anafanya kazi ya nguo na alikuwa anaongea kwa sauti kubwa. Hiyo ya sauti ni kweli. Mashine za kufuma zilimla masikio mapema, akawa anaongea kana kwamba mashine zote bado zinakimbia, hata akikuambia siri. Alipolazwa, wodi nzima ilijua anaugua nini na inamuuma wapi. Lakini ndani ya ile kompyuta nilikuwa nimeandika kwamba mama alipokufa mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, na yeye, msichana wa shule, akaacha shule akanibeba. Kwamba alikuja Thika akalala kwenye sakafu ya watu mpaka akapata chumba, na alipopata chumba akarudi kunichukua. Kwamba aliomba zamu ya usiku kwa hiari yake, zamu ambayo wengine waliikimbia, ili mchana aniangalie kama nimeenda shule. Nilikuwa nimeandika hata kwamba alipenda kununua vitu kabla havijahitajika. Alinunua sanduku la safari kabla hajawa na pa kusafiri. Alinunua mapazia ya nyumba ambayo hakuwahi kuipata. Wakati mmoja alinunua gadi ya friji, kile kisanduku cha kuikinga na stima mbovu, akakiweka chini ya kitanda kwenye katoni lake, akisema friji inakuja. Friji haikuja. Nilikuwa nimeandika hayo yote na sikuwa nayo kichwani kwa mpangilio. Mtu akifiwa kichwa huwa hakishiki kitu.

Nikampigia tena mama wa Thika.

"Lete CPU hapa," akasema. "Nitatoa hard disk niisomee kwa mashine yangu. Lakini mzee, sikudanganyi. Kama imeguswa na hiyo stima, hata sijui. Na hata kama iko sawa, kufika kwako hapa, kuitoa, kupanga, kuchapa, kushona, hiyo saa nane..."

"Nakuja."

Nikafunga mfuniko. Nikatafuta kitu cha kuifungia, nikapata leso ya dada, aliyoiacha alipokaa kwangu miezi ya mwisho, wakati wa kwenda kliniki. Nikaitandaza juu ya kochi. Kisha, sijui kwa nini, nikarudi chini kwa magoti nikawasha ukutani. Labda mkono ulikuwa umeshazoea. Labda sikutaka nyumba iwe kimya namna ile. Redio ikaanza tena, kwaya ikaimba. Nikafinya kitufe mara moja, bila matumaini. Hakuna.

Basi nikakaa. Nilikaa kwenye kiti alichokuwa anakalia yeye, kile cha plastiki kilicho kando ya meza ya kompyuta, nikaweka mikono magotini, nikasema nitapumzika kidogo halafu ninyanyuke na huo mzigo. Sikupumzika. Nililia. Sikuwa nimelia mochari wala kwenye mikutano ya kamati, nilikuwa na shughuli. Nililia kwa sababu ya mashine, au nilijiambia ni kwa sababu ya mashine. Nilimlilia mtu ambaye alinibeba na mimi nimeshindwa kumbebea kurasa chache tu. Kwaya ikamaliza, ikaanza nyingine. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata machozi yalitoka taratibu, bila kelele.

Chini ya meza kitu kikalia tak.

Sikuinuka. Nilidhani ni panya, tuna panya. Kisha nikaona kitaa cha kioo kimewaka, chekundu-njano, kikinitazama kama vile hakujatokea kitu.

Nikapiga magoti, safari hii kwa upande wa meza. Nikasukuma kamba na vumbi. Pale kwenye ekstensheni, karibu na plagi ya redio, kulikuwa na kisanduku cheupe nisichokijua, na nyaya zote mbili za kompyuta zilikuwa zimeingia kwenye hicho kisanduku badala ya ekstensheni yenyewe. Kilikuwa na taa ya kijani. Upande mmoja kilikuwa bado na kipande cha gundi ya katoni.

Ilikuwa gadi yake. Ile ya friji.

Hapo ndipo nikakumbuka, na nilikumbuka kwa sauti yake, maana haikuwezekana kuikumbuka kwa sauti nyingine. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho hicho, miezi michache nyuma, miguu imevimba, nami nilikuwa nasoma gazeti.

"WEWE! Nimekuwekea ile gadi yangu hapa kwa kompyuta."

"Sawa dada."

"Friji sitanunua tena. Hii yako iko na kazi yako ndani. Lakini stima ikirudi usiwe na haraka nayo. Inahesabu kwanza dakika zake, ikiona stima imetulia ndio inafungua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia."

Sikuwa nimesikia. Tangu siku hiyo stima ilikuwa imepotea na kurudi mara nyingi, lakini mchana nikiwa kazini, na jioni nikifika gadi imeshamaliza hesabu zake. Sikuwahi kujua ipo. Na asubuhi hii, kila nilipozima ukutani ili mashine isinidhuru, niliilazimisha gadi ianze kuhesabu upya. Kompyuta haikuwa imeharibika hata kidogo. TV ya jirani iliungua, mashine yangu ilikuwa imesimamiwa na dada yangu, na ilichotaka ni mimi nikae chini niache kuishikashika. Nilicheka. Nilicheka nikiwa bado nalia, peke yangu, chini ya meza, na nadhani jirani alinisikia na akafikiri ni kwa sababu ya msiba.

Nikafinya kitufe. Feni ikaguruma. Ilichukua muda wake kuamka, na safari hii sikuigusa. Ikaniambia kwamba haikuzimwa vizuri, kana kwamba sijui, ikaniuliza kama nataka kurudishiwa kazi yangu. Nikasema nataka. Kurasa zote zilikuja isipokuwa mabadiliko machache ya alfajiri, na mwishoni kabisa lilikuwepo lile neno, "Ameacha", na nukta mbili, na mstari mtupu.

Sikukwama tena. Niliandika: "Ameacha ndugu yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, na ambaye hata leo asubuhi bado alikuwa anamlinda." Nikaongeza sentensi chache kuhusu gadi. Niliziandika vibaya, kwa haraka, na sikuzirekebisha. Nikaziweka kwenye flash, flash kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo cha mfuko, nikatoka. Boda ya kwanza niliyoiona ilinipeleka hadi barabara kuu, na kutoka hapo hadi Thika sikuona kitu njiani, hata Juja sikumbuki kuipita.

Mama wa duka la kuchapa aliponiona na flash badala ya CPU alinyoosha mkono tu. Alichomeka flash, akafungua, akasoma ukurasa wa mwisho kwanza kama wanavyofanya wote. Akanitazama.

"Kumbe ilikuwa ni guard?"

"Ilikuwa ni gadi."

"Na mimi nakuambia zima, washa, zima, washa." Akashika kichwa. "Mzee, nisamehe."

"Hata mimi nilizima bila kuambiwa."

Alichapa. Mashine yake ya kushona karatasi ilikwama katikati, akamaliza zilizobaki kwa kugonga pini kwa mkono. Saa nane ilipita tukiwa bado tunakunja. Mwenyekiti alipiga simu mara nyingi nisiipokee, na nilipofika mochari nikihema na maboksi, nilikuta gari bado liko pale na watu wamelizunguka wanaimba. Dereva alikuwa amekunja uso.

"Nimewaambia wamama waimbe," mwenyekiti akaninong'oneza. "Wakimaliza nawaambia kuna dada mwingine angependa kuanzisha wimbo. Dereva hawezi kuwasha gari watu wakiimba. Sasa ingia twende."

Tulisafiri hadi kukakucha. Sina la kusema juu ya safari hiyo, nililala.

Kaburi walikuwa wameshalichimba tulipofika, pale nilipojua wangelichimba, nyuma ya migomba, karibu na ua. Nililitazama nikapita. Lakini vijitabu viligawiwa. Mwendesha shughuli, binamu yetu ambaye ni mwalimu, aliniuliza asome yote au afupishe, maana jua ni kali na wazee wameanza kuulizia chakula. Nikamwambia yote. Akasoma yote. Alisoma polepole, kimwalimu, akisimama kila penye nukta. Aliposoma kuhusu sauti yake watu walicheka. Aliposoma kuhusu zamu ya usiku walinyamaza. Alipofika kwenye gadi ya friji, wale wa mbele hawakuelewa mara moja, ikabidi mtu mmoja aliyewahi kukaa mjini awaeleze kwa lugha yetu jinsi kile kisanduku kinavyofanya kazi, katikati ya mazishi, huku akionyesha kwa mikono. Mwendesha shughuli akamngoja amalize. Halafu akasoma neno la mwisho, akakunja karatasi.

Hakuna aliyesema chakula kiko tayari.

Baadaye, watu wakiwa wanatawanyika, senge alinijia pale nilipokuwa nimekaa. Alikuwa na kijitabu mkononi, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Macho yake hayaoni vizuri, lakini kidole chake kilikuwa mahali penyewe.

"Wamenisomea hapa," akasema. "Panasema ameacha wewe."

"Ndiyo, senge."

"Wewe peke yako?"

Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa nimechoka mno kuyajibu.

"Na mimi je?" akauliza, akigonga mstari ule kwa kidole. "Mimi sikuachwa? Yeye ndiye alinitumia ile sweta ya kijani, mimi na baridi yangu. Mbona hukuniandika?"

Nikatafuta kalamu mfukoni. Nikachukua kijitabu chake, nikakiweka juu ya goti, na chini ya mstari wangu nikaandika "na senge yake", kwa herufi kubwa ili aweze kuziona. Nilipoinua kichwa kumrudishia, nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja wa kiwandani, aliyesafiri nasi kutoka Thika, kijitabu chake kimefunguliwa ukurasa ule ule, akingoja zamu yake.